Waliohukumiwa kwa kumuua Maurice Bishop hawakunyongwa

Je, kuna walionyongwa kwa kumuua Waziri Mkuu Maurice Bishop wa Grenada, nchi ya visiwa katika Karibea? Hapana, hakuna aliyenyongwa kwa kifo cha Bishop, aliyepigwa risasi pamoja na wenzake ndani ya ngome ya Fort Rupert tarehe 19 Oktoba 1983. Washtakiwa 14 walihukumiwa kifo mwaka 1986, lakini mwaka 1991 adhabu hiyo ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Kisha Februari 2007 Privy Council ya London, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Grenada, ikaamua kwamba hukumu ya kifo iliyotolewa kwa lazima, bila jaji kuwa na hiari ya kupima mazingira ya kila mshtakiwa, ilikuwa batili, na ikaagiza adhabu ipangwe upya. Ndiyo sababu Bernard Coard, aliyekuwa naibu wa Bishop, na wenzake sita, waliokuwa wa mwisho kubaki gerezani, walitoka Septemba 2009. Hawakufutiwa hatia, jambo ambalo wengi hulichanganya.

Hata hivyo, kesi yenyewe haikukosa dosari: mwaka 2003 Amnesty International iliikosoa, pamoja na mambo mengine, kwa namna wazee wa baraza (yaani jury, raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) walivyoteuliwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo iliundwa mwaka 2001 na kutoa ripoti mwaka 2006, ila mwili wa Bishop haujapatikana mpaka leo, na kwa maoni yangu pengo hilo ni zito kuliko mjadala wa miaka ya kifungo.