Barua kwa Mwanangu: Kolajeni ya Ng'ombe na Mkono Wako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema daktari anayekutibu mkono ulioungua amependekeza kuufunika kwa utando uliotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe, na kwamba tangu siku hiyo usingizi umekupaa. Umeniuliza: "Mama, je, nitaishi na kipande cha mnyama mwilini mwangu maisha yangu yote?" Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha upasuaji, swali hilo nililisikia mara nyingi, ila wengi waliliuliza wakiwa wameshatia saini fomu ya kukubali upasuaji. Wewe umeliuliza mapema, na hilo limenifurahisha.

Hapana, hutaishi nacho. Unachowekewa ni kiunzi cha muda, mfano wa miti ambayo mafundi huisimamisha kando ya ukuta unaojengwa, wakaiondoa ukuta ukishasimama. Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, takriban theluthi moja ya protini yako yote. Ndiyo inayoshikilia ngozi, kano na mifupa. Kila uzi wake ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba, na msokoto huo kwa ng'ombe na kwa binadamu unafanana mno, kiasi kwamba seli zako zinapoukuta huushika na kutambaa juu yake kana kwamba ni wako.

Utando wa aina uliyoelezwa una historia yake. Daktari wa upasuaji John Burke na mhandisi Ioannis Yannas wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ndio walioubuni nchini Marekani, wakatangaza matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza mwaka 1981, na mwaka 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikauidhinisha kwa watu walioungua vibaya. Kano za ng'ombe husafishwa, nyuzi zake zikatenganishwa kwa asidi, kisha zikagandishwa na kukaushwa hadi zikawa sifongo yenye matundu madogo sana. Dawa ya kukaza nyuzi hutiwa ili sifongo hiyo isiyeyuke mapema mno. Humo huchanganywa pia kiambato kinachotokana na gegedu la papa. Kwa hiyo, tukisema kweli yote, ng'ombe asilaumiwe peke yake. Juu ya sifongo hiyo hulazwa karatasi nyembamba ya silikoni, ambayo kwa muda hufanya kazi ya ngozi ya nje, ikizuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie.

Baada ya wiki mbili au tatu, mishipa yako midogo ya damu itakuwa imeshaota ndani ya matundu yale. Hapo daktari huibandua silikoni na kuweka mahali pake ngozi nyembamba sana iliyochunwa sehemu nyingine ya mwili wako, kwa kawaida pajani. Wakati huo wote vimeng'enya vya mwili, yaani protini zinazovunjavunja vitu, vitakuwa vinazimega nyuzi za ng'ombe kidogo kidogo, na seli zako zikifuma nyuzi zako mahali pake. Nisikufiche: ngozi itakayopatikana haitaota nywele wala haitatoa jasho kama ile ya zamani.

Sasa niseme linalonikera katika barua yako. Kurasa mbili nzima umemwogopa ng'ombe, na maambukizi hukuyataja hata kwa neno moja. Kwa jinsi nilivyoona kazini, utando huu ukishindwa, mara nyingi chanzo si mnyama uliyetoka kwake bali ni vijidudu vilivyojipenyeza chini yake, au damu na majimaji yaliyojikusanya yakauinua usishikamane na kidonda. Mkono ukianza kunuka, ukivimba zaidi, au ukipata homa, usisubiri siku ya kliniki. Wala usiuchezeshe mkono kabla ya kuruhusiwa, kwa maana mishipa inayoanza kuota hukatika kwa mtikisiko mdogo.

Hata hivyo, hofu zako mbili zina msingi. Ya kwanza ni ugonjwa wa ng'ombe wazimu, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, na ambao mwaka 1996 serikali ya nchi hiyo ilikiri kuwa huenda ulikuwa umewafikia binadamu. Chanzo chake ni prioni, protini iliyopinda vibaya, ambayo haiuawi kwa joto la kawaida la kupikia. Lakini prioni hujaa hasa katika ubongo na uti wa mgongo, na kano hazimo katika viungo hivyo vya hatari kubwa. Juu ya hilo, watengenezaji huchukua malighafi kwa ng'ombe wanaojulikana asili yao na waliokaguliwa, na wengi huipitisha katika magadi makali ambayo huziharibu prioni.

Ya pili ni mzio. Zamani, kolajeni ya ng'ombe ilipokuwa ikidungwa usoni ili kujaza makovu na mikunjo, mtu alidungwa kwanza tone dogo mkononi akaangaliwa kwa wiki nne, kwa sababu takriban watu 3 kati ya 100 miili yao iliikataa. Sehemu inayoamsha kinga zaidi ni ncha za uzi, si msokoto wenyewe, ndiyo maana katika bidhaa nyingi ncha hizo hukatwa kwa kimeng'enya cha pepsini. Kama umewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya kula nyama ya ng'ombe au kitu chenye jelatini, ambayo ni kolajeni iliyopikwa, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.

Kuhusu dhamiri, hapo sikuamulii. Wapo wanaomheshimu ng'ombe kwa imani yao, wapo wasiotumia chochote cha mnyama, na wapo wanaotaka kujua alivyochinjwa. Hata wanazuoni wa Kiislamu hawajakubaliana iwapo kitu kilichobadilishwa kiasi hiki bado kina hukumu ya asili yake. Niliwahi kumuuguza mama mmoja ambaye aliambiwa asili ya utando wake siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kidonda chake kilikuwa kimepona vizuri, naye alilia. Fomu ilikuwa na saini yake, lakini hakuna aliyekuwa amemsomea mstari ule. Ukiona moyo wako unakataa, sema mapema, maana zipo njia nyingine: ngozi yako mwenyewe pekee, ngozi iliyotolewa na wafu, au tando zisizotokana na kiumbe chochote. Uulize pia kama kuna bidhaa ya nguruwe miongoni mwa zile watakazotumia, kwani sifongo za kuzuia damu wakati wa upasuaji nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na hizo watu husahau kuzitaja.

Mpelekee daktari maswali haya yakiwa yameandikwa, kisha niandikie majibu yake kabla ya kutia saini. Siku ya kubandua silikoni nitakuja, maana hiyo ndiyo siku ninayotaka kuuona mkono huo kwa macho yangu.

Mama yako