Kabla hujamwita diwani mwizi, omba rasimu

Ukipika makande Uyole asubuhi ya Juni, mteja hakuulizi cheti. Anauliza kama bado ya moto. Ndiyo maana wengi wetu tunaopika mitaani hukumbuka sheria siku mgambo wanapokuja na nyundo.

Kisa changu hakikutokea Mbeya mjini. Miaka hiyo nilikuwa na banda kwenye stendi moja kando ya barabara ya TANZAM, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini; halmashauri siitaji. Zikaja tetesi kwamba inatungwa sheria ndogo ya vyakula, na kwamba chakula cha kuuza kitapikwa ndani ya jengo la kudumu tu. Ng'ambo ya stendi palikuwa na fremu nane mpya za biashara, rangi haijakauka, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenye fremu alikuwa diwani, tena mjumbe wa kamati iliyopitisha rasimu.

Siku mbili tulimsema Mheshimiwa mpaka maharage yakaungua.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja, mteja wangu wa supu, karani mstaafu. Alitusikiliza, akaniuliza, "Binti yangu, hiyo rasimu umeisoma?" Hakuna aliyekuwa ameisoma. Ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, hatua mia kutoka jikoni kwangu.

Nilichojifunza kwake ndicho ninachowaambia wenzangu hadi leo. Halmashauri haiamki na sheria ndogo. Inatakiwa kwanza iwatangazie wananchi kusudio lake na kupokea pingamizi, kisha Baraza la Madiwani lijadili, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa (TAMISEMI) aidhinishe, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Nafasi yako wewe muuza wali ni pale kwenye pingamizi. Ukishapitwa hapo, utabaki kubishana na mgambo, ambaye hakutunga chochote.

Na hili la maslahi tulikuwa tunalikosea. Diwani kuwa na fremu si kosa, hata awe na hoteli. Kinachotakiwa ni atamke maslahi yake ya kifedha jambo linapoletwa kikaoni, kisha asijadili wala kupiga kura. Juu ya hapo ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayowagusa madiwani sawa na wabunge na mawaziri. Kila mwaka wanajaza tamko la mali na madeni kabla ya 31 Desemba. Ukiona diwani kaficha, lalamiko lina pa kwenda: Sekretarieti ya Maadili, siyo kijiwe cha bodaboda.

Tukakaa kuandika barua ya pingamizi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Mzee akatuzuia tena: vyeti vya afya viko wapi? Aibu. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa apimwe kila miezi sita, na msichana wangu wa kuosha vyombo alikuwa hajapimwa karibu mwaka. Bwana afya angetumaliza kwa sentensi moja. Barua ikasubiri, tukaenda kupanga foleni kituo cha afya.

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe je, maslahi yako?" Nilidhani anatania. Kumbe anajua kwamba chai na chapati za vikao vya kata nilikuwa napika mimi. Niliona uchungu, lakini nikaliandika hilo katika aya ya kwanza ya barua. (Miezi miwili baadaye tenda ile alipewa mwingine. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, na sijauliza.)

Barua haikumtaja mtu. Ilitaja namba ya kifungu, ikasema kitawanufaisha wenye majengo ya kupangisha karibu na stendi, ikaomba wajumbe wenye majengo hayo watamke kabla ya mjadala. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, tukapendekeza maneno mbadala: jengo la kudumu, *au* banda lenye sakafu ya saruji, maji ya bomba au tanki lenye koki, na pipa la taka lenye mfuniko. Ukipinga bila kuleta maneno yako, unawaachia kalamu.

Siku ya Baraza tulikwenda kukaa viti vya nyuma. Vikao vile viko wazi kwa wananchi, nenda, vaa khanga safi na unyamaze. Mheshimiwa alisimama, akasema ana majengo eneo lile, akatoka nje. Hakututazama. Kifungu kilirekebishwa, ingawa waligoma kutuongezea muda wa kutimiza masharti. Nilimwaga sakafu kwa saruji ya mkopo.

Fremu mbili kati ya zile nane zilichukuliwa na wenzetu, kwa hiari yao. Wanasema wateja wapo, ila moshi hauna pa kutokea.