Maswali ya Wasomaji: Nitapungukiwa na Nini Ndege Nisiyemjua Akitoweka?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu bayoanuwai, yaani wingi na utofauti wa viumbe hai, kuanzia vimelea wa udongoni hadi nyangumi. Tulitaja tathmini ya mwaka 2019 ya jopo la kimataifa la sayansi ya bayoanuwai, IPBES, iliyokadiria kwamba aina zipatazo milioni moja za wanyama na mimea zimo hatarini kutoweka, nyingi ndani ya miongo michache ijayo. Barua zilizofuata hazikuwa za pongezi tu, na tumechagua nne ambazo zilitubana zaidi.

Swali: Ndugu Mhariri, nakiri kwamba hiyo milioni moja yenu haikunishtua. Viumbe wengi walitoweka kabla binadamu hajakuwapo, na dunia bado ipo. Mimi nina mkopo wa kulipa na watoto wa kusomesha. Nitapungukiwa na nini akitoweka ndege ambaye sijawahi kumwona?

Jibu: Swali lako ni la haki, nasi hatutalijibu kwa kukutisha. Ni kweli kwamba kutoweka si jambo jipya: dinosau walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, na kabla yao wengine wengi walikuwa wamekwenda. Tofauti iko kwenye kasi, kwani tathmini tuliyoitaja inasema kasi ya sasa inazidi wastani wa miaka milioni kumi iliyopita mara makumi, na pengine mara mamia. Lakini kwa kuwa mkopo haulipwi kwa hesabu za miaka milioni, tumzungumzie huyo ndege.

Hadi miaka ya 1980, India ilikuwa na tumbusi kwa mamilioni. Nchi yenye ng'ombe wengi ambao wananchi wengi hawali nyama yao huwa na mizoga mingi, na mizoga hiyo ilitupwa pembezoni mwa vijiji na miji. Mchunaji akishaondoka na ngozi, tumbusi walishuka kwa kundi na kuacha mifupa mitupu kabla nyama haijaoza. Hakuna aliyewalipa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepiga hesabu ya thamani ya kazi yao.

Katika miaka ya 1990 ndege hao wakaanza kufa kwa wingi. Wataalamu waliowapasua walikuta viungo vya ndani vimepakwa kitu cheupe mithili ya chokaa, ambacho kilikuwa ni fuwele za asidi ya yuriki, dalili kwamba figo zimeshindwa kazi. Chanzo kilibainika mwaka 2004, baada ya utafiti uliofanyika Pakistan, na hakikuwa ugonjwa bali dawa. Diklofenaki, dawa ileile ambayo huenda wewe mwenyewe umewahi kuimeza kwa maumivu ya mgongo, ilikuwa imeshuka bei, na wafugaji wakawa wanawachoma nayo ng'ombe wanaochechemea au wenye homa. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya sindano, mabaki ya dawa yaliyobaki mwilini mwake yalimuua tumbusi aliyemla. Hesabu za watafiti zilionyesha kwamba ilitosha chini ya mzoga mmoja katika kila mia kuwa na sumu hiyo ili ndege hao waangamie, kwa kuwa hula kwa makundi na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Kufikia mwaka 2007, tumbusi mgongo-mweupe walikuwa wamepungua India kwa zaidi ya asilimia 99.

Mizoga iliendelea kuwapo. Iliyobaki juu ya ardhi ilinenepesha mbwa wa mitaani, nao wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa, na mingine ilichafua maji. Mwaka 2024 wachumi wawili walilinganisha wilaya zilizokuwa makazi ya tumbusi na zile ambazo hazikuwa makazi yao, wakakadiria kwamba watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kati ya mwaka 2000 na 2005 kuliko ambavyo ingekuwa kama ndege hao wangekuwapo. Hayo ni makadirio, si orodha ya majina, na ni halali wataalamu wengine wayapime upya, lakini hata ukiyagawa kwa kumi bado yanabaki mazito. Waparsi wa Mumbai, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, ambao kwa karne nyingi waliwaachia ndege hao miili ya maiti wao juu ya minara ya mazishi, walilazimika kuweka vioo vya kukusanya joto la jua ili kufanya kazi ambayo tumbusi waliifanya bila kuagizwa.

India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na ipo dawa nyingine, meloksikamu, inayomtibu ng'ombe bila kumdhuru ndege. Utaona, basi, kwamba mtu aliyeng'atwa na mbwa barabarani hakuwa na sababu ya kumkumbuka tumbusi hata siku moja. Ndiyo maana swali lako ni gumu kujibiwa mapema: anayepungukiwa mara nyingi hajui ni nini kimempungukia.

Swali: Mimi ni mkulima, na mbegu ninayopanda sasa inazaa kuliko zote nilizowahi kupanda. Kuna faida gani kuhifadhi mbegu za zamani ambazo hazishibishi mtu?

Jibu: Endelea kupanda inayozaa, hakuna mwenye akili atakayekushauri vinginevyo. Hatari huja pale ambapo kila jirani yako naye amepanda hiyo hiyo peke yake. Maskini wa Ireland, kabla ya mwaka 1845, walitegemea zaidi aina moja ya viazi, na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi wala si kwa mbegu itokanayo na ua, shamba zima lilikuwa kana kwamba ni mmea mmoja uliorudiwa maelfu ya mara. Ugonjwa wa ukungu ulipoingia haukukuta hata mmea mmoja wenye kinga. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Tuseme pia, ili tusimsingizie ukungu makosa ya watu, kwamba chakula kiliendelea kusafirishwa kutoka Ireland wakati wenyeji wanakufa njaa.

Mfano wa pili ni wa mpunga, na mwisho wake ni mwema. Katika miaka ya 1970, mashamba ya Asia yalishambuliwa na virusi vinavyoufanya mpunga udumae na kuota kama kichaka cha nyasi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Ufilipino ilipima zaidi ya sampuli 6,000 za mpunga wa kila aina ikitafuta wenye kinga, na ikaipata katika sampuli moja ya mpunga mwitu kutoka India, uitwao kisayansi Oryza nivara. Ungeuona shambani kwako ungeung'oa, kwa maana ni mmea dhaifu ambao punje zake hudondoka zenyewe kabla ya kuvunwa. Kinga hiyo ilihamishiwa kwenye mpunga wa kulimwa kwa kuzalisha mbegu chotara, na aina ya IR36, iliyotolewa mwaka 1976, ikaja kupandwa kwenye mamilioni ya hekta. Kama bonde ambamo sampuli ile ilichumwa lingekuwa limeshajengwa, sijui wangekwenda kuitafuta wapi.

Kuna wanaosema kwamba maghala ya mbegu yametosha kulimaliza tatizo hili. Yanasaidia kweli: ghala la Svalbard, lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu huko Norwei na kufunguliwa mwaka 2008, liliwarudishia mbegu zao mwaka 2015 watafiti ambao hazina yao ya Aleppo ilikuwa haifikiki tena kwa sababu ya vita vya Syria. Lakini mbegu iliyogandishwa imesimama pale pale ilipokuwa siku ya kuwekwa, ilhali wadudu na magonjwa ya huku nje yanaendelea kubadilika. Mbegu inayopandwa kila msimu na mkulima anayechagua ya kubakiza hubadilika pamoja nayo. Ukiweza kuziachia hizo za zamani kipande kidogo cha shamba, utakuwa umefanya ambalo ghala haliwezi.

Swali: Je, hata mbu tumhifadhi?

Jibu: Ziko aina za mbu zipatazo 3,500, na nyingi kati yazo hazimsumbui binadamu. Wanaouma ni majike tu, na wanaoambukiza malaria ni aina chache za Anofelesi. Hatuoni aibu kusema kwamba hao tungependa wapungue hata wasionekane. Ubishi wetu ni juu ya njia, kwa kuwa sumu ikimwagwa ovyo kwenye kidimbwi humuua pia kereng'ende, ambaye tangu akiwa majini huwala viluwiluwi wa mbu, na kidimbwi kikipata mbu wapya hakuna wa kuwala. Wapenzi wa chokoleti nao wajue kwamba ua la mkakao, dogo kama ukucha, huchavushwa hasa na vijidudu jamii ya usubi wanaozaliana kwenye majani yanayooza chini ya mti. Mwenye kufagia shamba lake likang'aa huenda anawafukuza vibarua wake.

Swali: Kila mnaposema "hifadhi", sisi tunaoishi kando ya misitu tunasikia "hameni". Kwa nini maskini ndiye alipie uhai wa dunia?

Jibu: Hofu hiyo ina historia. Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, iliyotangazwa mwaka 1872 na kuigwa na nchi nyingi, iliwaondoa wenyeji wa asili waliokuwa wakiwinda na kuishi humo, na mtindo huo ulisafiri pamoja na sifa zake. Hata hivyo, tathmini ile ile ya 2019 ilieleza kwamba angalau robo ya nchi kavu duniani iko katika maeneo ya jadi ya watu wa asili, na kwamba kwa jumla mazingira katika maeneo hayo yanaharibika polepole kuliko kwingineko. Anayewaondoa watu hao kwa jina la uhifadhi, basi, huenda anamfukuza mlinzi.

Mwaka 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe chini ya uhifadhi, huku haki za watu wa asili na jamii za wenyeji zikiheshimiwa. Lengo hilo ndilo lililoandikwa sana magazetini. Katika makubaliano yale yale limo lengo jingine, ambalo halikupigiwa tarumbeta: kupunguza ruzuku zinazoharibu bayoanuwai kwa angalau dola za Marekani bilioni 500 kwa mwaka, kufikia mwaka huo huo. Hizo ni fedha za umma zinazolipia uvuvi uliopindukia, kemikali zisizohitajika na ufyekaji wa misitu, na hazipokelewi na wewe uishiye kando ya msitu. Mwakilishi wako akija kukueleza habari za asilimia 30, msikilize, kisha umwulize na hizo bilioni 500 zimefikia wapi.