Stelingi Akifa: Adabu za Msiba wa Kwenye Runinga

Kwetu Lamu mtu akifa, kila mmoja ajua la kufanya. Msikitini hutangazwa, wanaume huenda makaburini, wanawake hujaa nyumbani kwa mfiwa, kahawa hupikwa, hitima husomwa, na mjane huingia eda ya miezi minne na siku kumi. Hakuna anayesimama mlangoni akijiuliza aseme nini. Ni "poleni", ni "Mungu awape subira", umeshaingia ndani na kuvua viatu.

Sasa mhusika wa tamthilia akifa saa mbili usiku, tena yule kipenzi cha nyumba nzima, hapana lolote. Picha huganda, muziki hupigwa, na kabla hujaitoa leso usoni lishaingia tangazo la sabuni ya unga. Wa kukupa pole hayuko. Ukilia wachekwa, ukinyamaza kimekukaa kifuani. Tulilelewa tukiambiwa stelingi hafi, kwa hivyo hakuna aliyetufunza tufanye nini akifa.

Nayasema haya kwa sababu kazi yangu ni kupaka hina, huku Langoni, na runinga iko ukumbini. Wateja hukaa wamenyosha mikono, hina yangoja kukauka, na la kufanya hawana ila kutazama. Mwenye hina mbichi mikono yote miwili hawezi kujifuta machozi. Hiyo huwa kazi yangu, na siiongezi kwenye bei. Nimewafuta mabibi harusi, mama zao, na makungwi ambao ungedhani hawana chozi.

Kinachogombanisha watu zaidi si kifo chenyewe, ni jinsi habari inavyopashwa. Huku stima hupotea, bando humalizika, mtu amelala Shela kwa shughuli ya harusi, kwa hivyo kila sehemu nzito ina waliokosa. Asubuhi yake fitina huanza. Yuko ambaye hata jua halijachomoza ameshaweka stetasi: picha ya mwigizaji, mshumaa pembeni, na "Innalillahi" kwa herufi kubwa. Mwigizaji yuko kwake anakunywa chai, huku watu wengine, ambao hata hiyo tamthilia hawaijui, wamuombea maghufira na kuulizana azikwa wapi. Tafadhalini. Ikiwa lazima uandike, andika jina la mhusika, si la mwigizaji. Na ungoje marudio yapite, maana wako wanaoyategemea hayo marudio peke yake.

Ukikutana na mwenzako uso kwa uso, fanya kama wazee wetu wanavyofanya kwa msiba wa kweli. Mzee hakurushii habari ukiwa ungali mlangoni na kikapu mkononi. Kwanza akuketisha, akuuliza umelalaje, akuambia fulani hali yake si nzuri. Wewe nawe uliza tu, "Jana ulitazama?" Akisema hakutazama, nyamaza, zungumzeni bei ya samaki. Akikushika akwambie sema, mwambie kwa neno moja, wala usimwigize kisu kilivyoingia. Yako mambo mtu atataka kuyaona mwenyewe.

Na sisemi kwamba kujua mapema huondoa utamu au uchungu. Bibi yangu alikuwa akitupa hadithi ya Fumo Liyongo, ile ambayo Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu aliitungia utendi mwaka 1913. Tulijua tangu mwanzo kwamba mwanawe atamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Tulijua ataamka ajikokote mpaka kisimani, apige goti, avute uta na mshale wake, afie hapo hapo akiwa amekaa hivyo, na watu wa mji wasithubutu kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Twajua yote, na bado bibi akifika kwenye sindano tulijifunika mashuka. Lakini tulikuwepo. Alikuwa akitusimulia sisi, kwa wakati wake, na sauti yake ilishuka alipotaka ishuke. Ukimtupia mtu kifo kwa ujumbe wa simu umemnyima kuhudhuria.

Halafu wako wanaocheka. Kaka yangu hupita mlangoni, akituona wanawake tumejiinamia, na huwa na methali yake moja: "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Sawa. Huyu huyu, Arsenal ikifungwa, hukaa barazani hajibu salamu mpaka adhana ya isha. Simlaumu. Ninachomwambia ni kwamba wale wachezaji nao hawamjui.

Mwaka 1956 wataalamu wawili Wamarekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya jambo hili hasa. Walisema mtu anayekuja kwenye kioo chako kila mara, akazungumza kama yuko nawe chumbani, huingia rohoni kama rafiki, ijapokuwa urafiki wenyewe ni wa upande mmoja. Wao walikuwa wakiwaza zaidi watangazaji na waendesha vipindi. Baadaye wengine wakaona kwamba na wahusika wa kubuni ni vivyo hivyo. Sikuhitaji wao kunithibitishia, lakini ni vyema kuwa nao mkononi kaka akipita.

Chukua Bamsi, yule wa panga mbili kwenye tamthilia ya Kituruki ya Diriliş: Ertuğrul. Tamthilia ilianza 2014. Watu walimwona kijana mkorofi wa kuchekesha, wakamwona akioa, akipata watoto, ndevu zikaingia mvi, akahamia na mwendelezo wake, Kuruluş: Osman, na huko ndiko alikouawa. Kuna mabinamu zangu ambao sijawaona mara nyingi kama nilivyomwona Bamsi. Sasa ukija kuniambia "ni mchezo tu", umeniambia nini? Hakuna mwanamke mtaani hapa asiyejua kuwa ule ni mchezo. Neno la kusema ni "pole", na ukiweza ongeza kikombe cha chai ya tangawizi. Basi. Usitoe mawaidha.

Sasa lipo jambo ambalo nataka nilieleze taratibu.

Jirani yangu alifiwa na mumewe. Mwanamke aliye edani hapaki hina, kwa hivyo yeye hakuja kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake jioni bila koni wala piko, tukakaa. Runinga yake ilikuwa wazi, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Usiku mmoja mhusika tuliyempenda sote akafa, na sehemu iliyofuata wakaonyesha maziko. Jeneza likabebwa mabegani, likafikishwa kaburini. Binti yake akaruka kuchukua rimoti abadilishe, kwa huruma tu, na ningekuwa mimi ndiye mwenye umri ule ningefanya vile vile. Mama akamzuia mkono. "Wata, mwanangu. Wata nione wazikavyo."

Kwetu wanawake hatufuati jeneza. Mumewe alitolewa mlangoni, wanaume wakaenda naye, wakarudi bila yeye. Yale ya katikati hakuyaona. Alitazama mpaka udongo wa mwisho, na macho yalikuwa makavu. Kisha akaniuliza kama nadhani na yeye walimlaza vizuri. Nikamwambia mwite shemeji yako kesho, muulize, yeye ndiye aliyeshuka kaburini. Akamwita, na shemeji akaja akakaa nje ya pazia akamweleza hatua kwa hatua.

Kwa hivyo mkiwa na mfiwa nyumbani, msiamue kwa niaba yake. Wako ambao hawatataka kusikia hata muziki wa kuanzia, na wako kama jirani yangu. Muulize, "Tutazame au tuzime?" na ukubali jibu lake hata kama wewe ungechagua lingine. Na mtu akilia sana kupita kiasi cha mhusika, kaa karibu, usimuulize hapo hapo nani mwingine anayemlilia. Akitaka atasema.

Watoto nao wana yao. Mtoto wa miaka minne atauliza swali moja tu, kama yule amekufa kweli, na atauliza tena kesho. Mfano mzuri ninaoujua ni wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani. Will Lee, aliyekuwa akiigiza muuza duka Mr. Hooper, alifariki Desemba 1982. Wenye kipindi wangeweza kusema mzee amehama au yuko safarini. Wakaamua waseme ukweli. Tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ambapo wazazi wengi wangekuwa nyumbani na watoto wao, yule ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, alileta picha alizowachorea marafiki zake, akabaki na ya Mr. Hooper mkononi akitaka kumpa. Wakubwa wakamwambia Mr. Hooper amekufa na hatarudi. Hawakumwambia amelala. Mimi hili la "amelala" silipendi kabisa, maana mtoto naye usiku huambiwa akalale. Kwa tamthilia mwambie mambo mawili: yule wa kwenye hadithi amekufa, harudi kwenye hadithi, mwigizaji yuko hai. Ukimpata mwigizaji kwenye mahojiano ya simu, mwonyeshe.

Upande wa pili, huzuni ina mipaka yake, na hapa najua wako watakaonikasirikia. Mwaka 2004 huko Uturuki, mhusika Süleyman Çakır aliuawa katika tamthilia ya Kurtlar Vadisi. Wako watazamaji waliomsalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na magazetini yakatoka matangazo ya tanzia. Nawaelewa, lakini siwafuati. Dua ni ya roho, na Çakır hakuwa nayo. Nimeshawahi kuombwa, kwa mzaha uliokuwa na ukweli ndani, tusome hitima ya mhusika hapa ukumbini. Nikasema tusome, ila tutaje majina ya wafu wetu, na kila mmoja akataja wake. Visheti vililiwa kama kawaida.

Mpaka wa pili ni matusi. Aliyemwua kipenzi chako hakumwua, alisoma maneno aliyopewa. Na hata mwandishi, kabla hujamporomoshea mvua ya laana, tafuta kwanza kilichotokea nyuma ya pazia. Siku ya Krismasi mwaka 2012 Waingereza walikaa na familia zao kutazama tamthilia ya Downton Abbey, na Matthew Crawley, aliyekuwa ametoka tu kumbeba mwanawe mchanga, akafa kwa ajali ya gari. Watu walikasirika, na siku yenyewe iliwauma zaidi. Lakini Dan Stevens, aliyemwigiza, ndiye aliyeamua kuondoka baada ya misimu mitatu. Mwandishi afanye nini? Mwigizaji mwingine huondoka kwa ujira mdogo, mwingine kwa uzazi, mwingine kwa ugonjwa asiotaka kuutangaza. Hayo matusi yako yatamfikia yule mgonjwa.

Kuhusu kuendelea kutazama au kuacha, huulizwa sana. Kwanza: kama mwili hukuuona, usianze matanga. Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi, alitumbukizwa kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi mwaka 1893. Wasomaji wakahamaki, wengi wakavunja usajili wao wa jarida lililokuwa likichapisha hadithi zake, na mwaka 1903 mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, akamrudisha, kumbe hakuanguka. Waandishi wa tamthilia wanaijua njia hiyo. Mtu aliyeanguka baharini, aliyelipuka ndani ya gari, aliyezikwa na uso umefunikwa, huyo mpe mpaka mwisho wa msimu.

Mwili ukiuona, ruka wiki moja. Waachie wengine wakutazamie, kisha wakupe habari kwa adabu nilizozitaja. Wiki hiyo moja hutosha kukuonyesha kama ulikuwa ukitazama tamthilia au ulikuwa ukimtazama mtu mmoja. Mimi ziko nilizoziacha moja kwa moja na sikujuta, kwa sababu baada ya kufa mhusika walibaki watu wa kugombania urithi tu, na hayo mtaani tunayo bure.

Na wewe unayeolewa wiki ambayo msimu unamalizika, njoo upakwe mchana, kabla ya alasiri. Usiku ule siahidi mistari iliyonyooka.