Chura mweupe wa ukutani siye anayelia "kwoi!"

Mkuu, umeuliza kama yule chura mweupe aliyenata ukutani kwako Ihumwa ndiye anayelia usiku "kwoi!" kama kizibo kinachochomoka chupani. Hapana, hao ni wawili.

Wa ukutani ni chura wa povu, jamii ya Chiromantis. Mwangalie vidole vya mbele: vina visahani vya kunata, na viwili vya ndani hukabiliana na viwili vya nje, hivyo hukamata kijiti kama sisi tunavyoshika fimbo. Mboni ya jicho lake imelala, yaani ni ya mlalo. Rangi isikupoteze. Usiku ni kijivu au kahawia kama gome, jua likiwaka hugeuka karibu mweupe ili asipate moto. Ngozi yake haipotezi maji ovyo, na taka za mwili huzitoa kama asidi ya yuriki, taka nzito isiyohitaji maji mengi, mtindo wa mijusi na ndege. Basi ukimkuta amejikunja juani, msimmwagie maji eti ana kiu. Mlio wake ni mdogo, vijisauti vya kukwaruza tu, na kelele za lambo humfunika.

Mwenye mlio wa kizibo ni chura mwingine, Kassina senegalensis. Ana sentimita 3 hadi 4 hivi, mistari myeusi mgongoni, mboni iliyosimama wima, na hatembei kwa kuruka, hukimbia kwa miguu. Mlio ni mmoja, unapanda ghafla mwishoni. Akianza huyu, jirani hudakia. Masika ya Dodoma yakishika, huanza kabla jua halijazama, akiwa nyasini mbali na maji, kisha husogea lamboni.

Kumpata kwa kufuata sikio peke yako ni kupoteza usiku. Nendeni wawili, mwachane mita tano, kila mmoja anyooshe mkono anakosikia. Mikono inapokutania ndipo alipo. Akinyamaza, zimeni tochi na msubiri kimya.

Na lile povu kama sabuni uliloliona kwenye mgunga juu ya lambo ni kiota cha yule wa kwanza. Jike hutoa ute akaupiga kwa miguu ya nyuma hadi uumuke, akataga mayai mamia humo. Nje hukauka kama gamba, ndani hubaki majimaji. Baada ya siku 4 hadi 6 viluwiluwi hulainisha sehemu ya chini na kudondoka majini. Ukikata tawi kabla ya hapo vitaangukia ardhi kavu na kufa. Kama lazima upogoe, ngoja uone povu limefunguka chini.