Rili zangu za baharini (mashine za kukunjia mshipi wa kuvulia): ninavyoziosha, ninavyozifungua, na makosa yaliyonigharimu samaki

Mwaka juzi mwishoni mwa kaskazi tulikuwa kwenye boti nje ya Kigamboni, mimi na jamaa zangu wawili, maji ndo yanaanza kujaa. Nikatupa popa, ile chambo bandia inayoelea juu ya maji, pembeni ya mwamba, kolekole akaivamia. Mnaomjua kolekole mnajua tabia yake, akishanaswa tu anakimbilia mwambani. Nilikaa naye kama dakika mbili hivi, dregi (breki ya rili inayoachia mshipi taratibu samaki akivuta) inalia vizuri tu, alafu mara pap, mshipi mwepesi. Nikaukusanya ule uliobaki, breidi (mshipi wa nyuzi zilizosukwa) ya nguvu ya pauni 50 ambayo haina hata miezi miwili imetoka manyoya kama kamba ya katani ya zamani. Siku nzima nikawa nailaumu breidi na nikamlaumu na mwenye duka. Usiku nyumbani naiosha rili ndo nikagusa kwa kidole kile kigurudumu kidogo kwenye mkono wa beili (ule waya unaoelekeza mshipi), pale mshipi unapokunja kuingia kwenye spuli inayoviringiwa mshipi, hakizunguki! Kimeshikana na chumvi, na mshipi ulishakichimba kimfereji kabisa, kwahiyo kila nikikunja nilikuwa nausaga mshipi wangu mwenyewe. Mwenye duka hakuwa na kosa lolote, na nilienda kumwambia.

Toka siku ile nimebadilika sana kwenye hii habari ya rili na ndo maana naandika hapa, kwasababu nikipita ufukweni naona watu wana rili za laki tatu, laki tano, zinaunguruma kama mashine ya kusaga na mtu anasema ndo kawaida ya bahari. Sio kawaida. Rili inayotunzwa hailii.

Tuanze na kuosha, hapa ndo wengi tunaua rili bila kujua. Kitu cha kwanza kabisa ni hayo maji yenyewe. Huku pwani visima vingi vina chumvi, kisima cha kwetu ukiacha ndoo ikauke inabaki na ukoko mweupe, sasa mtu anaiosha rili kwa maji yale yale kila siku alafu anashangaa kutu. Mimi natumia maji ya mvua niliyokinga kwenye dumu, yakiisha natumia maji ya bomba au hata ya kunywa, rili moja haihitaji zaidi ya lita moja au mbili, sio hasara.

Kabla maji hayajagusa rili kaza dregi mpaka mwisho, ile nobu ya juu ya spuli, ili maji yasipenye kwenye washa za ndani, vile visahani vyembamba vya dregi. Alafu mwagia kidogo kidogo kama mvua ya rasharasha. Usichukue mpira wa kumwagilia ukaubana kwa kidole uruke kwa nguvu, na usiitumbukize rili kwenye ndoo ya maji. Najua wengi wanafanya hivyo na wanaona ndo usafi, ila ile presha inasukuma chumvi na mchanga kutoka nje kuingia ndani kwenye beringi, na maji yakishaingia kule hayana njia rahisi ya kutoka. Ukishamwagia, zungusha hendeli mara chache, ikung'ute, ifute na kitambaa cha pamba, toa spuli ufute na shafti iliyo chini yake. Iache ikauke kivulini penye upepo, sio juani juu ya bati. Ikishakauka ndo unalegeza dregi kabisa. Usiiache imekazwa wiki nzima, washa zinabanana zinashikana, siku ukipata nguru anayekimbia mita themanini kwa mpigo dregi inashika kwanza alafu inaachia kwa kuruka, na hapo ndo lida (kipande cha mshipi kilicho karibu na ndoano) inakatika.

Spuli nayo, usisahau. Breidi inakunywa maji, ile chumvi inakaa chini kabisa ya mshipi na kuila spuli ya aluminiamu pole pole. Ukiona rangi imevimba vimba kama malengelenge kwenye ukingo wa spuli ujue ndani kuna kazi. Mi nikitoka baharini spuli peke yake ndo nailoweka kwenye maji matamu kama nusu saa, baada ya kutoa nobu na washa za dregi. Rili yenyewe hapana.

Na kile kigurudumu kilichoninyima kolekole, tone moja la oili kila baada ya safari mbili au tatu. Tone moja! Oili ya cherehani inafaa kabisa na inapatikana kila mahali. Beringi ya pale ndani haizidi punje ya hindi, ndo ndogo kuliko zote, na ndo inayopata maji ya chumvi muda wote kwasababu mshipi unaingia umelowa unapita pale pale. Kwenye rili zangu zote nne, hiyo ndo ya kwanza kufa.

Sasa mafuta. Kuna watu wanamaliza kila kitu na WD-40, ile ya kopo la kupuliza. Jamani, lile jina lenyewe maana yake ni kuondoa maji, ni nzuri kufukuza unyevu na kulegeza skrubu iliyoshika, lakini haikai, inakauka, na ukiipulizia ndani ya rili inayeyusha grisi iliyokuwepo, gia zinabaki zinasagana zikiwa kavu. Mafuta ya kula na mafuta ya nazi ndo usiyaguse kabisa, yanaganda yanakuwa gundi. Vazelini kwa joto letu inalainika inatiririka. Mimi nanunua grisi ya baharini, ile wanayotumia mafundi wa injini za boti, mara nyingi ni ya bluu, kopo dogo linanipeleka miaka. Kanuni yangu ni kwamba grisi inaenda kwenye gia na sehemu nzito, oili nyepesi inaenda kwenye beringi zinazozunguka kasi na viungo vya beili na hendeli. Na usijaze! Grisi ipake kwa brashi ndogo mpaka meno ya gia yang'ae tu, ukishindilia rili inakuwa nzito kama unazungusha ugali.

Kufungua rili yote nafanya mara mbili kwa mwaka, na kwa ratiba ya bahari yetu inakaa vizuri tu, kusi ikichachamaa kuanzia mwezi wa sita boti ndogo hazitoki sana basi mi niko mezani na bisibisi, alafu tena wakati wa mvua za masika. Kama unavua kila wiki ongeza iwe mara tatu.

Vifaa sio vingi, bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye skrubu (ikicheza kidogo tu acha, tafuta nyingine, utaivua kichwa), spana ndogo, kibano, mswaki wa zamani, vitambaa, na trei ya mayai. Hiyo trei ndo siri yangu kubwa. Kila kinachotoka kinaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio, cha kwanza shimo la kwanza, cha pili la pili, wakati wa kurudisha unaanzia mwisho kurudi mwanzo. Na kila hatua napiga picha kwa simu. Mara ya kwanza nilifungua bila picha nikabakiwa na kiwasha kimoja chembamba kama karatasi, nikasema hiki ni kidogo tu hakina maana nikafunga. Rili ikaanza kukwaruza. Vile viwasha vyembamba chini ya gia kubwa ndo vinavyopanga gia ikutane vipi na pinioni (ile gia ndogo), kimoja kikikosekana au kikikaa upande mwingine meno hayakai sawa na yanaanza kulana. Ilibidi nifungue tena usiku ule ule nianze kukisia kilitoka wapi, nikajaribu mara tatu mpaka hendeli ikawa laini.

Ukifika kwenye beili fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ingiza mikono yote miwili mle. Kuna springi pale, ikiruka kwenye mchanga wa uani hutaiona tena.

Kuosha vile vyuma natumia mafuta ya taa kwenye kopo na mswaki, alafu nafuta na kuacha vikauke. Thina hapana kabisa, inakula rangi na plastiki. Petroli pia mi siitumii, ni hatari ndani ya nyumba na inaharibu sili za mpira. Sili na vitu vya plastiki naosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo tu.

Kuna kitu kimoja nataka mnisikilize vizuri, ile klachi inayozuia hendeli isirudi nyuma. Inaonekana kama beringi ndefu yenye viroli vidogo vidogo. Ile usiipake grisi! Grisi ikiingia mle viroli vinateleza havishiki, samaki anavuta hendeli inarudi nyuma kwa kasi inakupiga vidole. Kama rili yako imeanza kurudi nyuma mara moja moja hasa asubuhi kukiwa na baridi, mara nyingi haijaharibika, ni grisi au uchafu umeingia pale. Isafishe, ikauke, weka oili nyepesi kidogo sana, inapona. Jirani yangu mmoja alishataka kuitupa rili yake kwa ugonjwa huo, tulimaliza kwa nusu saa.

Skrubu zilizoshika nazo ni kilio cha watu wengi. Skrubu ni chuma cha pua, bodi ni aluminiamu, katikati kukiwa na maji ya chumvi vile vyuma viwili vinaanza kulana na aluminiamu ndo inayoliwa, unga mweupe unajaa kwenye nyuzi. Usilazimishe. Weka mafuta ya kulegeza, acha usiku kucha, kesho yake gusisha ncha ya moto ya kifaa cha kulehemu redio kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde chache, kisha jaribu taratibu kukaza kidogo na kulegeza. Na wakati wa kurudisha kila skrubu ipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake, hutapata hiyo shida tena.

Washa za dregi za kaboni zifute, zipake grisi maalum ya dregi, nyembamba sana, alafu rudisha kwa mpangilio ule ule. Nikishafunga nafunga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza na kuvuta, nataka dregi iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa breidi ya pauni 50 ni kama kilo 6 hadi 7.

Beringi ikikwaruza hata baada ya kuiosha badilisha, usihangaike nayo. Pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa milimita. Mfano 7 kwa 11 kwa 3 wenye duka wanaijua kama MR117, na 4 kwa 7 kwa 2.5 ni MR74. Kariakoo kuna maduka ya beringi tupu, nenda na ya zamani mkononi, omba ya chuma cha pua. Inakuja bei ndogo sana kuliko kuagiza spea ya rili kutoka nje.

Na kwa wenye rili zenye sili, zile zenye alama ya kuzuia maji ya IPX5 au IPX6, msibweteke. Sili inapungua nguvu, inakauka, inahitaji kupakwa grisi nayo. Na maji yakishavuka sili, hiyo hiyo sili inayafungia ndani.

Rili ikidumbukia baharini yote, au ikazikwa na wimbi kwenye mchanga, hapo habari ya kusubiri kusi haipo. Usizungushe hendeli hata mara moja, mchanga unasaga gia. Ifungue usiku huo huo, kila kipande kipite kwenye maji matamu kwanza, kikauke kabisa, ndo mafuta ya taa na grisi vifuate. Ya kwangu moja ililala chini ya maji karibu saa nzima mwaka jana, jamaa akaizamia akaitoa, nikakaa nayo mpaka saa nane usiku na trei yangu ya mayai. Jumamosi iliyopita imenitolea nguru wa kilo tisa.