Sekunde Saba za Mbio, Saa Saba za Njia

Tangu niligusie Drag Week katika safu hii, maswali hayajakatika. Nimeokota saba. Mengine nimeyafupisha, ila sikubadilisha hoja ya aliyeuliza.

Umeitaja Drag Week mara mbili bila kutueleza ni kitu gani. Ni mashindano au ni safari? (Msomaji, Morogoro)

Yote mawili. Nawiwa radhi kwa kukimbilia mbele.

Mbio za dragi zenyewe ni rahisi kueleza: magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka, taa zinawaka, yanafyatuka hadi mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Drag Week inachukua mbio hizo na kuzifunga kwenye safari. Dereva anakimbia uwanja mmoja asubuhi, anachagua karatasi ya muda iliyo bora kuliko zote alizopata siku hiyo, anaikabidhi kwa waamuzi, kisha anawasha gari lile lile na kushika barabara kuelekea uwanja wa kesho. Siku tano. Jumla ya safari ni kama kilomita 1,600, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na kurudi. Mwisho, nyakati za siku zote tano zinatafutiwa wastani.

Sharti linaloipa Drag Week uzito ni hili: hakuna gari la msaada kukufuata njiani, wala huruhusiwi kupakia gari lako kwenye lori. Spana, jeki, matairi ya mbio, mafuta ya akiba, vyote vinakaa ndani ya gari lenyewe au kwenye katrela kadogo linakokavuta. Njiani kuna vituo vilivyopangwa, na dereva anatakiwa kulipiga picha gari lake pale kuthibitisha kwamba hakukata njia.

Wazo lilikuwa la David Freiburger, wakati huo mhariri wa jarida la Hot Rod la Marekani, na mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 2005. Kwa miaka mingi wasomaji wa majarida ya magari walikuwa wakibishana nani ana gari la barabarani lenye kasi kuliko yote, na magari mengi yaliyodai heshima hiyo yalifika uwanjani yakiwa juu ya matrela. Freiburger alimaliza ubishi kwa njia ya haki: kama ni la barabarani, liendeshe barabarani.

Waliokulia Kenya hawatashangaa. Safari Rally, tangu ilipoanza mwaka 1953, imewazoesha watu kuona gari la mashindano likipita mbele ya duka lao.

Kwenye taarifa naona "7.20 kwa 195". Nisome nini hapo? (Msomaji, Kisumu)

Namba ya kwanza ni sekunde, ya pili ni maili kwa saa anapovuka mstari wa mwisho. Maili 195 ni kama kilomita 314.

Saa ya uwanjani haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza pale gurudumu la mbele linapouacha mwale wa mwanga kwenye mstari wa kuanzia. Dereva akisinzia kwenye taa, sekunde zake hazipungui wala haziongezeki. Kwenye mbio za kutoana, kusinzia huko kunakugharimu raundi. Kwenye Drag Week, ambako kinachohesabiwa ni wastani wa nyakati, hakukugharimu kitu. Nikikuta mwandishi anamsifu mshindani wa Drag Week kwa wepesi wa kuondoka kwenye taa, najua hakuelewa alichokuwa akikitazama.

Ukitaka kuelewa gari, zisome namba mbili kwa pamoja. Kasi ya mwisho inakupa picha ya nguvu ya injini. Sekunde zinakueleza nguvu hiyo ilishika lami kiasi gani. Kasi ikiwa nzuri na sekunde mbaya, matairi yaliteleza mwanzoni. Ndiyo maana napenda taarifa inayotoa pia muda wa futi 60, yaani mita 18 za kwanza, kwa sababu mbio nyingi huharibika hapo hapo.

Kisha linganisha muda bora wa wiki na wastani. Mtu akiwa na 7.20 kama muda bora na wastani wa 7.90, kuna siku moja au mbili mambo yalimwendea kombo. Habari yake iko katika siku hizo.

Gari linalokimbia robo maili chini ya sekunde sita kweli ni gari la barabarani? Naona majarida yanatudanganya. (Msomaji, Tanga)

Swali hili ndilo lililoniletea barua nyingi kuliko yote, na wengi waliandika kwa hasira kama wewe.

Mwaka 2019 Tom Bailey, akiwa na gari la Chevrolet Camaro la 1969, alikimbia sekunde 5.99, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mtu kushuka chini ya sita kwenye Drag Week. Ukiitazama gari ile kwa nje, umbo la Camaro unaliona. Chini ya bodi, fremu ni ya mabomba yaliyochomelewa kwa ajili ya mbio. Lakini ina namba za usajili, ina taa, na ilitembea njia nzima pamoja na malori na mabasi ya shule.

Je, ni gari la barabarani? Kisheria, ndiyo. Kimazoea, hakuna anayelitumia kwenda sokoni. Majarida yanalitumia neno moja kwa maana zote mbili bila kusema ni ipi, na hapo nakubaliana nawe kwamba msomaji anapotoshwa. Sikubaliani nawe unaposema ni udanganyifu tu, kwa sababu kulifikisha gari kama lile hadi siku ya tano ni kazi kubwa ambayo taarifa nyingi hazijui kuieleza.

Fikiria linavyoundwa. Injini ya dragi imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache kisha ipumzike. Mafundi wengi huzijazia njia za maji za bloku saruji maalumu ili kuta za silinda zisipasuke, na matokeo yake maji ya kupoza injini yanabaki kidogo. Uwanjani hiyo si hoja. Kwenye foleni ya saa kumi jioni, jua kali, gari linachemsha. Difu nayo imepangwa kwa ajili ya kufyatuka, basi ukiliendesha kwa mwendo wa barabara kuu injini inalia mizunguko mingi mno; ndiyo maana wengine hufunga giaboksi ya ziada nyuma ya ile kubwa, ili mizunguko ipungue kwenye safari ndefu. Kamshafti ya mbio, ule mhimili unaofungua vali za injini, haitaki mwendo wa pole. Klachi, au konvata kwa giaboksi ya otomatiki, inaungua kwa kusimama na kuondoka. Na kila jioni kabla ya kuondoka uwanjani, mtu huyo amebadilisha matairi, ameshusha presha ya turbo, pengine amebadilisha na mafuta, kisha anaendesha kwa muda wa saa saba, afike usiku wa manane, alale kidogo, arudie.

Larry Larson aliushinda mchezo huu zaidi ya mara moja kwa Chevrolet Nova ya 1966. Watu waliokuwa wakiamini kwamba gari la kasi ile haliwezi safari walilazimika kunyamaza.

Lawama yangu kwa majarida iko kwingine. Drag Week ina madaraja mengi ya ushindani, kuanzia Unlimited, la magari yenye kasi kubwa kuliko yote kama la Bailey, hadi Daily Driver, daraja la magari ambayo kweli mtu anaendea kazini. Taarifa nyingi humpa mshindi wa Unlimited kurasa nane, na Daily Driver inabaki jina moja kwenye jedwali mwishoni. Kwa msomaji mwenye gereji ndogo, yule wa Daily Driver ana mengi zaidi ya kumfundisha: alitumia rejeta gani, alibeba vipuri vipi, plagi alizibadilisha wapi. Nimesoma majarida haya tangu nilipokuwa nikiyanunua kwa wauza vitabu vya mitumba, yakiwa yamechanika jalada, na kurasa nilizozikunja pembeni zilikuwa hizo chache zilizoeleza mtu alivyolifikisha gari.

Jarida likiandaa mashindano lenyewe, linaweza kuyaripoti kwa haki? (Msomaji, Nairobi)

Kwa nusu, ndiyo.

Uhusiano huu ni wa zamani kuliko Drag Week. Hot Rod ilitoka kwa mara ya kwanza Januari 1948, chini ya Robert E. Petersen. Mmoja wa wahariri wake wa mwanzo, Wally Parks, ndiye aliyeanzisha NHRA mwaka 1951, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani hadi leo. Kwa hiyo mchezo na jarida vilizaliwa nyumba moja. Mwaka 1995 Hot Rod ikaanzisha Power Tour, msafara mkubwa wa magari usio na lazima ya kushindana, na miaka kumi baadaye ikaja Drag Week.

Faida yake ni kwamba mwandishi yumo ndani. Anaijua sheria, anawajua madereva kwa majina, analala hoteli zile zile. Hasara ni kwamba unasimuliwa harusi na mjomba wa bwana harusi. Hatakwambia pilau liliungua. Uwanja ukiwa mchafu, foleni ya kukimbia ikachukua muda wa saa tano, mvua ikafuta nusu ya siku, wadhamini wakagombana, mambo hayo huandikwa kwa sentensi moja au hayaandikwi kabisa.

Mimi hupima taarifa kwa maswali mawili. Je, inasema magari mangapi yalianza na mangapi yalimaliza? Na je, waliovunjikiwa wamepewa nafasi ya kusema kilichovunjika? Taarifa isiyo na pistoni iliyotoboka wala gasketi iliyoungua, wakati mamia ya magari yamekimbia wiki nzima, imeficha kitu. Na mwandishi akiwa ameshindana mwenyewe, aseme hivyo aya ya kwanza. Wengi husema, nao nawaheshimu.

Kwa nini picha zote ni moshi wa matairi na magurudumu ya mbele juu? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu wapiga picha wanasimama mahali pamoja, karibu na mstari wa kuanzia, ambako mwanga na usalama vimepangwa. Kupiga picha ya mtu aliyelala chini ya gari kwenye kituo cha mafuta saa nne usiku kunahitaji kumfuata njiani, na wachache wanalipwa kufanya hivyo. Picha hizo zipo. Zikitokea kwenye jarida, huwa zinachapwa ndogo mno.

Siku hizi mbio zote ziko kwenye video. Jarida la karatasi lina kazi gani tena? (Msomaji, Muscat)

Karatasi ilipigwa vibaya, hilo ni kweli. Desemba 2019 kampuni iliyomiliki Hot Rod ilitangaza kuyafunga majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa ikiyachapisha. Car Craft, jarida nililolipenda sana, lilikwenda na mafuriko hayo. Hot Rod ilibaki. Mwaka uliofuata Drag Week yenyewe haikufanyika kwa sababu ya Uviko.

Kilichotokea baadaye kinanipa moyo. Tom Bailey, yule yule wa 5.99, alianzisha mashindano yake mwaka 2022, Sick Week, yanayozunguka viwanja vya Florida na Georgia, na jina lake likabebwa pia na jarida la kuchapwa, Sick the Magazine. Zamani jarida lilizaa mashindano. Hapa mshindani amezaa mashindano na jarida vyote viwili. Australia nako jarida la Street Machine lilianzisha Drag Challenge yake, ya mtindo huo huo, mwaka 2014.

Video inakuonyesha kila mbio, moja kwa moja, na hakuna jarida litakaloishinda kwa hilo. Lakini kamera iko uwanjani. Jarida linalotoka wiki kadhaa baadaye lina muda wa kumpigia simu aliyeng'oa giaboksi kando ya barabara na kumuuliza alipata wapi nyingine, nani alimsaidia, na kwa nini aliendelea ilhali ushindi ulishampotea. Jarida likirudia namba ambazo kila mtu alishaziona, limejimaliza lenyewe.

Nina miaka 22, nina kamera na pikipiki. Nataka kuandika habari za mbio za magari huku kwetu kwa mtindo huo. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza, hakikisha unaandika mbio zilizo uwanjani, zenye waamuzi na gari la wagonjwa. Kwenye Drag Week hakuna sekunde hata moja inayopimwa barabarani. Njiani kila mtu anafuata sheria kama wewe na mimi. Vijana wanaokimbizana usiku kwenye barabara kuu usiwape kamera yako. Mtu atakufa, na picha yako itakuwa mojawapo ya sababu zilizomleta pale.

Pili, beba daftari. Andika muda wa kila gari unalolifuata, siyo la mshindi peke yake, na andika hali ya hewa, kwa sababu Nakuru iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu ikilinganishwa na Mombasa. Usipoandika hilo, namba zako hazitalinganishika na za mtu mwingine.

Tatu, mbio zikiisha usiondoke na umati. Nenda langoni wanapotokea, utafute gari litakalorudi nyumbani kwa matairi yake lenyewe, uombe kulifuata. Litakaposimama kujaza maji kwenye rejeta, simama nalo. Msaidie kushika tochi kwanza, maswali baadaye.